Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Fumbo la Iringa, Njombe na Rukwa

Wakati wa mavuno, barabara ya kutoka Iringa kwenda Makambako hupambwa na magunia. Mahindi yamesimamishwa kandokando ya lami, viazi vimejazwa kwenye ndoo hadi vikafanya kilima, na malori yanapakia kuelekea Dar es Salaam. Rukwa nako ni hivyohivyo. Mahindi ya Sumbawanga huliwa mbali sana na Sumbawanga. Sasa wapime urefu watoto wa mikoa hiyohiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini kote, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Iringa walikuwa 57. Njombe 50. Rukwa 50.

Mtu akizisikia namba hizo mara ya kwanza hudhani zimegeuzwa. Mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa udumavu, na jibu linalotangulia kila zinaposomwa ni kwamba akina mama hawana elimu ya lishe. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini linamtwisha mama mmoja mzigo wa kijiji kizima. Mama wengi wa vijijini wamekwisha kufundishwa makundi ya chakula kliniki, redioni na kwenye mikutano. Ukiwauliza watakutajia. Kinachowapungukia ni mkono wa pili wa kuwasaidia na saa za mchana, na hivyo viwili hutokana na jinsi kazi, mashamba, nyumba na pesa vilivyopangwa kijijini. Makala haya yanaufungua mpangilio huo kipande kwa kipande.

Kudumaa hupimwaje

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake umeshuka mno chini ya ule unaotarajiwa kwa umri wake. Kwa mfano, mvulana anayetimiza miaka miwili, akipimwa amelala, wastani wake ni sentimita 87.8, akiwa chini ya 81.7 amedumaa. Kwa msichana mpaka ni sentimita 80. Chini ya miaka miwili mtoto hulazwa kwenye ubao wa kupimia, mtu mmoja ameshika kichwa, mwingine amenyoosha magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Akishafika miaka miwili husimamishwa.

Hapa pana mtego wa kwanza. Vituo vingi hutegemea mizani na ule mkanda wa mkono wenye rangi tatu: nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano kati ya 11.5 na 12.5, kijani kuanzia hapo kwenda juu. Mkanda unamkamata mtoto mwenye ukondefu, yaani aliyekonda ghafla kwa njaa au ugonjwa. Mtoto aliyedumaa mara nyingi ni mfupi lakini amejaa mashavu. Mkanda unasoma kijani, mama anarudi nyumbani ameridhika, na kijiji kizima kinaamini watoto wake ni wazima. Udumavu hauna kilio. Hujificha kwa sababu watoto wote wa jirani nao ni wa urefu uleule.

Mtego wa pili ni kauli ya kwamba watu wa huku ni wafupi kwa asili. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani kati ya mwaka 1997 na 2003, wote wakilelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa inavyopasa. Walikua kwa urefu unaokaribiana sana katika miaka mitano ya mwanzo. Viwango vinavyotumika kliniki leo vilitoka huko. Damu ya ukoo huja kuonekana baadaye sana; kabla ya miaka mitano kinachosema ni mazingira. Na sehemu kubwa ya hasara hutokea ndani ya siku 1,000 za mwanzo: 270 za ujauzito na 730 za miaka miwili ya kwanza.

Siku moja ya palizi

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, palizi hufuata hadi Februari, na mavuno huja kuanzia Juni. Angalia miezi inavyogongana: palizi, kazi inayokula nguvu na saa nyingi kuliko zote, huangukia wakati ghala linaelekea kuwa tupu, mvua zinanyesha na kuharisha kumepanda.

Chukua mtoto wa miezi 14 katika siku kama hiyo. Mama ameamka giza, amekoka moto, amechota maji. Shamba liko mwendo wa saa moja au zaidi kwa miguu. Akimbeba mgongoni atapalilia mistari michache na mtoto atanyeshewa. Akimwacha, atamwacha na dada yake wa miaka saba. Asubuhi mtoto anakunywa uji mwepesi uliobaki. Adhuhuri dada anamegea kiporo cha ugali au kiazi kilichochemshwa tangu alfajiri, baridi, na mtoto anakula matonge mawili halafu anakitupa chini na kukiokota tena. Hakuna wa kumbembeleza ale. Jioni mama anafika amechoka, kuni zimelowa, chakula kinaiva saa mbili usiku. Mtoto amekwisha kulala.

Amekula mara moja na nusu. Mtoto wa umri huo anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, juu ya maziwa ya mama. Wala hayo si kwa siku moja. Ni siku zote za palizi, na mtoto anayezaliwa katikati ya mwaka anaikuta palizi yake ya kwanza akiwa na miezi sita hadi minane, pale pale anapoanzishiwa chakula.

Mama huyohuyo, akiwa mjamzito, amepalilia mpaka mwezi wa mwisho. Nguvu iliyopaswa kumjenga mtoto tumboni imekwenda kwenye jembe. Ndiyo maana watoto wengine huzaliwa tayari wakiwa wafupi na wepesi, hasa mama akiwa binti ambaye mwenyewe hajamaliza kukua. Vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na foliki asidi, anavyopewa kliniki huongeza damu, havipunguzi ekari.

Tumbo la robo lita

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, akishiba ameingiza mililita 240, kikombe kimoja tu. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kikombe kina uzito kuliko idadi ya magunia ghalani.

Piga hesabu. Uji mwepesi unaomiminika kama maji una unga kama gramu 15 kwa kikombe cha mililita 250. Hizo ni kilokalori zisizofika 60. Mtoto anayenyonya, wa mwaka mmoja hadi miwili, anahitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula nje ya ziwa. Vikombe viwili vya uji mwepesi ni kama 110. Uji mzito, ule usiodondoka upesi kijiko kikiinamishwa, una unga mara mbili na nusu na hufikisha kilokalori 130 au zaidi. Ukitiwa kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa unapita 200. Kikombe ni kilekile, tumbo ni lilelile.

Kwa nini basi uji hupikwa mwepesi? Kwa sababu mtoto mdogo hushindwa kumeza uji mzito, na dada wa miaka saba hana subira ya kumlisha kijiko kwa kijiko. Uji mwepesi hunywewa kwenye kikombe, kazi ikaisha. Ni uamuzi wa saa kabla ya kuwa uamuzi wa lishe.

Kuna dawa ya zamani ya tatizo hilo, nayo ni kimea. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, utandaze kwenye kitambaa kibichi na kuufunika siku mbili hadi tatu ukinyunyizia maji mpaka uchipue. Uanike ukauke kabisa, ufikiche machipukizi yatoke, kisha usage. Uji mzito ukishaepuliwa na kupoa kiasi cha kuwa vuguvugu, tia kijiko kidogo cha kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji hulegea bila kuongezwa maji, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea hukata wanga. Urudishe motoni uchemke kidogo ili kuua vijidudu. Kosa la kawaida ni kutia kimea wakati uji unatokota: vimeng'enya hufa papo hapo na uji hubaki mzito kama ulivyokuwa.

Kosa jingine, kubwa zaidi, ni ule unga wa lishe wa kuchanganya kila kitu: mahindi, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, maharage, vyote kwenye mfuko mmoja wa mashine. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri huzuia utumbo kutumia protini. Karanga zilizosagwa huchacha haraka na kuharibu unga wote, na chache zenye kuvu zinatosha kueneza sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupikwa. Maharage hayaivi kwa muda wa uji. Saga nafaka peke yake, moja au mbili. Karanga zichambue, zilizosinyaa na zenye madoa zitupe, zikaange na uzitwange kidogokidogo, uzitie wakati wa kupika. Dagaa waoshe mchanga utoke, wakauke tena, ndipo usage. Njombe na Rungwe wanalima parachichi la kuuza nje. Robo ya tunda lililoiva, lililopondwa ndani ya uji, ni mafuta ambayo mtoto hayapati kwa wepesi kwingine. Wanaolima parachichi wanalijua vizuri kama pesa. Kama chakula cha mtoto, bado.

Ugali na viazi vikiwa ndiyo siku nzima, mtoto hushiba na bado mifupa yake haina cha kujengea. Mahindi ni maskini wa baadhi ya viini vya protini, na madini ya chuma na zinki yaliyomo hufungwa na fitati, kemikali ya asili iliyomo ndani ya punje, hayafyonzwi vizuri. Yai, maziwa, dagaa au nyama kidogo huziba pengo hilo. Kipimo kinachotumika ni rahisi: kati ya makundi manane ya vyakula, maziwa ya mama yakihesabiwa kundi moja, mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate matano kila siku.

Uwanja wa nyumba

Mtoto anayetambaa hugusa kila kitu na kukiweka mdomoni. Uwanjani kuna kinyesi cha kuku, maji ya kuoshea vyombo na udongo uliokanyagwa na kila mpita njia. Vijidudu hivyo vinaweza visimharishe. Humvimbisha utumbo kimyakimya, miezi na miezi, ukashindwa kufyonza hata kile kidogo kilicholiwa.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba choo bora na kunawa mikono vitamaliza udumavu. Majaribio makubwa matatu yakaja na matokeo mwaka 2018 na 2019: Bangladesh, Zimbabwe, na magharibi mwa Kenya katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Familia zilipewa vyoo vilivyoboreshwa, mahali pa kunawia na dawa ya kutibu maji. Zimbabwe watoto walipewa hata mikeka ya kuchezea ili wasile udongo. Kuharisha kulipungua Bangladesh peke yake, na urefu wa watoto haukuongezeka popote kwa usafi huo. Chakula cha nyongeza na ushauri wa kulisha ndivyo vilivyoongeza urefu, tena kidogo.

Wapo waliosoma matokeo hayo kama ruhusa ya kupuuza vyoo. Tunayasoma tofauti. Familia moja ikijenga choo na majirani tisa hawana, nzi, kuku na maji ya mvua havitambui mpaka wa kiwanja. Kibuyu chirizi, kile chombo cha kuning'iniza cha kunawia mikono, mlangoni kwako hakimsafishi mtoto anayecheza kwa jirani. Usafi unaomfikia mtoto ni wa kitongoji kizima, na huanza na mambo yasiyohitaji mfadhili: kuku wafungiwe banda angalau saa mtoto anapotambaa, kinyesi cha mtoto kitupwe chooni maana nacho kina vijidudu, vyombo vikaushwe kichanjani, na eneo dogo la kuchezea lizungushiwe fito na kufagiliwa kila asubuhi.

Moshi nao usisahaulike. Baridi ya Makete na Njombe huwafungia watoto jikoni miezi ya Juni na Julai, wamekaa kuzunguka mafiga, na kila nimonia huondoa wiki za kukua. Tundu kubwa juu ya ukuta wa jiko, upande usiopiga upepo, hupunguza moshi kwa gharama ya mchana mmoja wa kazi.

Pesa, ulanzi na bibi

Mazao yakiuzwa kwa mkupuo, mara nyingi baba ndiye anayepokea fedha, na fedha hizo huwa na kazi kabla hazijafika nyumbani: mbolea, ada, bati. Mayai na maziwa huuzwa kila siku, kwa hiyo ndivyo vinavyoondoka mezani kwanza. Kaya ikikubaliana kwamba yai moja kila siku ya pili ni la mtoto na halihesabiwi kwenye trei la sokoni, mabadiliko huonekana upesi kuliko baada ya semina.

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, huja na mvua, sambamba na palizi. Kilabuni huondoka saa na shilingi, na tunalosema kwa uchungu ni kwamba wapo watoto wadogo wanaonyweshwa ule mtamu wa asubuhi ili watulie. Ulanzi huchachuka kadiri saa zinavyokwenda. Mtoto huyo ananyweshwa pombe.

Kisha kuna bibi. Katika utafiti wa VVU wa mwaka 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Nyuma ya namba hiyo kuna watoto waliolelewa na bibi mwenye miaka 70, ambaye ana mapenzi yote na hana nguvu ya kuchota maji mara ya pili. Kumwachia bibi watoto watatu na kumwita mlezi ni kujidanganya, kama hakuna jirani anayempelekea kuni.

Sauti ya mtu mzima

Mtoto aliyedumaa hapungukiwi sentimita tu. Ubongo hukua kwa kasi katika miaka ileile, na huhitaji chakula pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Huko Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa, wenye miezi 9 hadi 24, waligawanywa makundi. Wengine walipata maziwa ya ziada. Wengine walitembelewa na mhudumu wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22 hivi, waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa wasiotembelewa. Faida ya maziwa peke yake ilikuwa imefifia.

Vifaa vyenyewe ni magunzi ya kupanga, makopo ya kuingiza moja ndani ya jingine, chupa ya plastiki yenye punje ndani na kizibo kilichokazwa kweli. Kilichofanya kazi ni mtu mzima anayemtazama mtoto na kumjibu. Dada wa miaka saba naye ni mtoto.

Iringa iliwahi kuufundisha ulimwengu

Wengi hawajui kwamba namna ulimwengu unavyoeleza utapiamlo leo ilipikwa Iringa. Mwaka 1983, Serikali ya Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, kamati ya kijiji ikajadili matokeo: nani ameshuka, kwa nini, na kijiji kitafanya nini kabla ya kipimo kijacho. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, kisha mzunguko unaanza upya. Viliwekwa pia vituo vya kulishia watoto wakati mama wako shambani. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka mitano. Mwaka 1990 UNICEF ikauchukua mchoro wa sababu za utapiamlo uliokomaa kwenye kazi hiyo, wenye matunzo ya mtoto sambamba na chakula na huduma za afya, ukasambaa duniani.

Mpango ule ulipima uzito. Urefu haukuwa kipimo chake cha kila robo mwaka. Lakini mbinu ipo, na vyombo vyake vipo bado: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila miezi mitatu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na shilingi 1,000 ambazo kila halmashauri inapaswa kutenga kwa kila mtoto chini ya miaka mitano.

Hesabu ya kituo cha palizi

Tuseme kijiji kinafufua kituo cha kulishia na kutunza watoto wakati mama wanapalilia: kaya 20, mtoto mmoja kila kaya, miezi sita hadi miaka mitano, siku 60 za palizi. Kila mtoto apate kikombe cha mililita 250 mara mbili: lita 10 kwa siku. Uji mzito huchukua unga gramu 150 kwa lita, yaani kilo moja na nusu kwa siku, kilo 90 kwa msimu. Ni chini ya gunia moja. Kila kaya itoe kilo nne na nusu. Karanga nusu kilo kwa siku ni kilo 30. Kila kaya kilo moja na nusu, au maziwa kwa zamu kwa wenye ng'ombe. Vitolewe Julai baada ya kuvuna, vifungiwe kwa mtendaji, maana Januari hakuna mwenye ziada.

Watu wazima watatu kwa siku: mmoja chunguni, wawili kwa watoto. Ni zamu 180. Zikigawanywa kwa kaya 20 ni siku tisa kila kaya. Akina baba wahesabiwe kwenye zamu. Mahali pawe darasa, jengo la ibada au banda lenye paa, karibu na mashamba kuliko karibu na ofisi ya kijiji, ili anayenyonyesha aweze kuja adhuhuri. Wa chini ya miezi sita wabaki na mama zao. Hao ni maziwa ya mama pekee. Moto uwe nje ya uzio wa watoto. Maji ya kunywa yachemshwe asubuhi, na anayeharisha apewe ORS, ile chumvi ya paketi ya kurudisha maji mwilini, katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye paketi, apelekwe zahanati apate zinki.

Vituo vya namna hii huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Zamu huachwa mvua inapokuwa kubwa, kwa hiyo majina yasomwe kila Jumapili. Michango huchelewa, na wenye uwezo hujitoa kwa kuwa wana msichana wa kazi. Mpishi huongeza maji watoto wakizidi, uji ukarudi kuwa mwepesi. Pima unga kwa kopo lililowekwa alama, lisibadilishwe. Na watoto hupimwa uzito tu kwa sababu ubao wa urefu uko makao makuu ya wilaya. Uombwe kwa afisa lishe mwezi Novemba, kabla mvua hazijachanganya, watoto wapimwe siku kituo kinapofunguliwa, kisha wapimwe tena Mei, wa kaya zilizojiunga na wa zile zilizokataa, na karatasi mbili hizo zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.